Supu niliyoambiwa niimwage

Ukilalamika mifupa hapa Moshi, kila mtu ana dawa yake. Jirani atakuambia kunywa supu ya kongoro. Mama mkwe atateremka kutoka Kibosho na dumu la maziwa ya ng'ombe wake wa ndani. Kijana wa duka la dawa atakuuzia vidonge vya kalsiamu bila kukuuliza hata jina. Na ushauri wao si mbaya, kwa mtu ambaye figo zake zinafanya kazi. Mimi zangu zilishaharibiwa na presha, nasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kwa mtu wa mashine mambo hayo yote ni ya kuuliza kwanza kabla hujayapeleka mdomoni. Kwenye chumba chetu tunaongea sana habari za kilo, maji na damu kupungua. Mifupa tunaikumbuka mtu akishaanza kuchechemea.

Kazi yangu ni kupika. Nina kibanda cha chakula karibu na soko la Mbuyuni, na siku za mashine mdogo wangu ndiye anayekishika. Kwa hiyo habari za chungu nitazieleza kwa mapana kuliko nyingine, mnivumilie.

Kwangu ugonjwa haukuanzia mifupani, ulianzia kwenye ngozi. Kuwashwa kwa namna ambayo huoni upele wala kidonda, unakuna tu mpaka unajichubua. Tulikuwa zamu moja na mzee mmoja wa Uru ambaye kwenye mfuko wa koti alikuwa na gunzi la mahindi lililokauka vizuri. Mashine ikishaanza, mkono wenye fistula, yaani mshipa ulioandaliwa kwa sindano za mashine, umelala, ule mzima unatoa gunzi na kulipitisha mgongoni, taratibu, macho amefumba. Anakwambia, “Mama, hii dawa haina foleni.” Tulicheka sana, na tuliazimana lile gunzi kwa macho. Tulilaumu sabuni, tukalaumu joto la Moshi la mwezi wa pili. Ngozi ya mtu wa mashine hukauka kweli, hilo lipo. Lakini fosforasi, madini yaliyomo kwenye chakula na mifupa, ikizidi kwenye damu nayo huchangia kuwasha, na ilipokuja kupimwa, ya mzee na yangu zote zilikuwa juu.

Baada ya hapo yakaja maumivu ya nyonga, visigino na mbavu. Siyo maumivu ya kukimbilia hospitali usiku. Ni yale ya kukufanya ushike nguzo ya daladala kwa mikono miwili na kujivuta. Nilikuwa nikikaa kwenye kigoda kumenya ndizi, kuinuka ni mpaka nishike meza. Nikasema ni umri, na huo umri wenyewe hata hamsini sijafika.

Daktari wa kliniki alifanya jambo moja dogo ambalo ningependa kila mgonjwa ajifanyie nyumbani. Alinikalisha kwenye kiti kisicho na mikono, akaniambia nikunje mikono kifuani, halafu nisimame. Sikusimama. Hakuna kilichouma, mapaja tu hayakuitikia. Nikajaribu tena nikiinamia mbele, nikainuka kidogo na kurudi chini. Akaandika kitu, kisha akanitazama mdomoni, akauliza, “Mama, umekulia wapi?”

Nimekulia Maji ya Chai, upande wa Arumeru, na waliokulia kule tunajuana kwa meno. Maji ya miteremko ya Meru hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwenye lita, na kule vipo vyanzo vinavyozidi hapo mara kadhaa. Ukiinywa utotoni, meno yanaota na rangi ya kahawia. Ukiendelea miaka mingi, inakaa mifupani. Kazi ya kuitoa mwilini ni ya figo kupitia mkojo, kwa hiyo figo zikichoka, inayoingia inabaki. Daktari alitaka kulijua hilo kabla ya kusoma eksirei yangu, maana mfupa wenye floridi nyingi huonekana mweupe na mnene kwenye picha hata kama si imara. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi wamekuwa wakichuja floridi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu mfupa unaivuta. Basi mifupa yangu ilikuwa ikifanya kazi hiyohiyo tangu nikiwa mtoto, tena bila malipo.

Nikauliza na maji ya mashine, maana kikao kimoja cha saa nne kinapitisha lita 120 hivi kandokando ya damu yako. Fundi akanionyesha mtambo wa kuchuja ulioko chumba cha nyuma, matangi na mabomba yamepanga ukuta mzima. Maji ya bomba hayagusi mashine kabla ya kuondolewa madini. Nikaridhika.

Kumbe meno yangu hayakuwa kesi kubwa. Kesi ilikuwa shingoni.

Nyuma ya ile tezi ya shingo inayovimba mtu akikosa madini joto, kuna tezi nyingine ndogo, kwa watu wengi ni nne, kila moja ina urefu wa milimita sita hivi. Zinaitwa parathairoidi. Nilikuja kusoma kwamba mwanafunzi wa udaktari wa Uswidi, Ivar Sandström, ndiye aliyezieleza kwa binadamu mwaka 1880, na kabla yake Mwingereza Richard Owen alishaziona kwenye shingo ya faru aliyefia bustani ya wanyama ya London. Faru! Mnyama mzima yule, na mtu akaona kitu cha milimita. Mimi ninazo shingoni miaka yote na sikuwahi kusikia habari zake.

Kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu isishuke, kwa sababu moyo na misuli haviendi bila kalsiamu. Ikishuka, tezi zinatoa homoni iitwayo PTH, homoni inauamuru mfupa uachie kalsiamu, damu inatulia. Kwa mtu mzima wa afya, figo nazo zinasaidia: zinatoa fosforasi ya ziada kwenye mkojo, na zinaibadili vitamini D iwe ile yenye nguvu ya kuuwezesha utumbo kunyonya kalsiamu ya chakula. Tezi zikiona mambo sawa, zinanyamaza. Sasa figo zikifa, fosforasi inarundikana, vitamini D inabaki isiyofanya kazi, kalsiamu inashuka, na zile tezi haziambiwi nyamaza. Zinatoa PTH mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka, na kwa kufanya kazi hivyo zinakua. Zikishakua sana zinafika mahali hazisikii tena, hata ukizipa kalsiamu. Mfupa ndio unaolipa. Unamomonyolewa kwa ndani, mwenyewe unaona tu kwamba mbavu zinauma ukipiga chafya.

Kipimo cha PTH si kila maabara inacho. Damu yangu ilisafirishwa, majibu yakachelewa mpaka nikasahau, na hospitali moja niliyopitia awali hawakuwahi kukiagiza kabisa. Kwa mtu wa kawaida PTH huwa kati ya 15 na 65 hivi. Yangu ilisoma 1,380. Fosforasi ilikuwa 2.3, na mwisho wa kawaida ni kama 1.5. Kalsiamu ilikuwa chini kidogo tu, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: unaona kalsiamu karibu sawa, unafurahi, hujui inashikiliwa pale kwa gharama ya mifupa yako. Pale PTH isipopatikana haraka, daktari anaweza kuangalia ALP, kimeng'enya cha kwenye damu, ambayo ni ya bei nafuu na hupanda mfupa ukiwa unavunjwa na kujengwa kwa kasi. Yangu nayo ilikuwa juu.

Swali langu lilikuwa la mfanyabiashara. Kama nasafishwa mara tatu kwa wiki, hiyo fosforasi inabakije?

Mtaalamu wa lishe akachukua kalamu. Chakula cha kawaida cha mtu mzima kina kama miligramu 1,000 za fosforasi kwa siku, 7,000 kwa wiki. Tuseme mwili unanyonya zaidi ya nusu, zinafika 4,000. Kikao kimoja cha mashine kinatoa 800 mpaka 1,000. Mara tatu, unapata 3,000 ukibahatika. Kila Jumapili ukifunga hesabu una deni la 1,000, na wiki ijayo linaanza upya juu ya lile la zamani. Nilimwelewa pale pale, kwa sababu daftari la madeni la kibandani nalo linajaa hivyohivyo, kidogo kidogo, na wateja wote ni watu wema.

Akaongeza jambo ambalo limenifunga mdomo tangu siku ile. Fosforasi nyingi imejificha ndani ya seli na mifupa, hutoka taratibu kuingia kwenye damu, na mashine haiwezi kuivuta kabla haijatoka. Kwa hiyo muda ndio unaosaidia. Sasa sote tunamjua yule anayeanza mapema, “Sista, nitoe bwana, imebaki nusu saa tu, nawahi gari la Himo.” Sista wa zamu yetu siku hizi anamjibu, “Nusu saa yako naiweka wapi, kwenye goti?”

Basi deni lile linapunguzwa kwa njia mbili zaidi, kidonge na chungu.

Kidonge kwanza. Mimi nilipewa kalsiamu kaboneti, na mtu anaweza kuona ajabu: hapo juu nimesema vidonge vya kalsiamu ni vya kuuliza, hapa navimeza. Tofauti iko kwenye saa. Kidonge hiki kazi yake ni kuikamata fosforasi ya chakula tumboni, zishikane, zitoke na choo. Lazima kikutane na chakula. Nakitafuna na tonge la kwanza au la pili, na mlo wenye nyama napewa zaidi kuliko mlo wa uji. Ukikinywa saa nne tumbo likiwa tupu, hakina cha kukamata, kalsiamu yake inaingia kwenye damu, na ikizidi inakwenda kutuama kwenye mishipa ya damu na moyo. Nimeiona picha ya mkono wa mgonjwa mwenzetu, mishipa inaonekana kwenye eksirei myeupe, kama mifupa. Daktari akasema mishipa haitakiwi kuonekana hapo. Usipokula, usimeze. Kama unatumia vidonge vya madini chuma, au umepewa siprofloksasini kwa maambukizi, uliza uvipishanishe kwa saa ngapi, maana kalsiamu huvikamata na hivyo pia.

Ipo dawa nyingine, sevelameri, inayokamata fosforasi bila kuongeza kalsiamu. Ni nzuri, na bei yake inajieleza yenyewe ukifika dirishani. Kuna wakati hata zile za kalsiamu ziliadimika, tukawa tunagawana kwenye karatasi ya daftari. Kitu ambacho nakataza kwa ukali ni dawa za kiungulia zenye aluminiamu. Zinakamata fosforasi kweli, na zamani zilitumika kwa ajili hiyo, lakini kwa mtu asiye na figo aluminiamu hulundikana mwilini na kuharibu mifupa na ubongo. Ukienda dukani na kiungulia, sema kwanza kwamba uko kwenye mashine.

Sasa chungu.

Wifi yangu alikuja asubuhi moja na chupa kubwa ya chai, ile ya lita tatu. Alipoifungua, harufu ikajaa sebule. Kongoro, limechemka kwa mkaa usiku kucha, juu limeelea mafuta ya rangi ya dhahabu na vipande vya kano laini. Akanimiminia kikombe. “Wifi, kunywa ingali moto. Hii inaingia mpaka kwenye ukucha.”

Na mimi siku mbili kabla nilikuwa nimefundishwa kupika nyama upya. Ikate vipande vidogo, ichemshe kwa maji mengi, yamwage yale maji, halafu ndiyo uanze kupika. Nyama ikichemka, sehemu ya fosforasi yake, na ya potasiamu, madini mengine ambayo nayo mtu wa mashine huyapunguza, inahamia kwenye maji. Nilimtazama mtaalamu wa lishe nikamwuliza kama anajua anachokisema, kwa sababu kwetu hayo maji yana jina. Ni supu! Nusu ya mauzo yangu ya asubuhi ni hayo maji unayoniambia nimwage. Akacheka akasema, “Wauzie wenye figo, mama.”

Ikabidi nimweleze wifi, na kumweleza mtu aliyekesha na jiko si kazi ndogo. “Kwa hiyo wifi, unanikataa?” “Sijakukataa, wifi. Hiyo mpe kaka yako.” Kaka yake ndiye mume wangu. Aliinywa yote, akafuta kikombe kwa chapati, na magoti yake hayajawahi kuwa na shida.

Mambo mengine niliyoyabadilisha hayakuwa na ugomvi. Dagaa huliwa na mifupa yao, na mfupa ndio makao ya fosforasi, kwa hiyo dagaa nimewaachia wateja. Perege wa Nyumba ya Mungu nakula mnofu, miiba naweka pembeni. Yai nakula sana ule weupe, una protini nzuri na fosforasi kidogo, kiini ndicho chenye nyingi. Ugali wa sembe badala ya dona. Uji wa lishe wenye karanga, soya na ulezi, ambao ndio uji wa kupelekea mgonjwa mji mzima, kwangu ni hapana. Maharage nimebakiza kidogo: nayaloweka usiku, namwaga maji, nachemsha. Fosforasi ya maharage na nafaka hainyonywi yote mwilini, tofauti na ile inayotiwa viwandani kwenye soseji na soda nyeusi, ambayo inanyonywa karibu yote. Kwa hiyo ukiniambia nichague kati ya kijiko cha maharage na soseji, nachukua maharage, ila bila magadi, maana magadi yana sodiamu, sodiamu inaleta kiu, na kiu kwa mtu wa mashine ni kesi nyingine kabisa. Hata andazi nimelichunguza. La hamira ni afadhali kuliko la bekingi pauda, kwa sababu bekingi pauda nyingi hutengenezwa kwa chumvi za fosfeti.

Mtori ndio nilioulilia. Ndizi, nyama na mchuzi wake vyote vimesagwa pamoja, hapo utamwaga nini? Nilichofika ni hiki: ndizi nazimenya, nazikata vipande vidogo, nazichemsha kwa maji mengi na kuyamwaga ili kupunguza potasiamu, kisha naziunga na nyama iliyokwisha kuchemshwa na kumwagwa maji, kitunguu kingi, ndimu. Mama mkwe alionja akanyamaza muda mrefu. “Unalika,” akasema. Kwa Mkibosho kuhusu mtori, hiyo ni heshima.

Lakini niseme na upande wa pili, maana nimewaona waliozidisha. Mashine inachukua protini pia, na mtu wa mashine anahitaji kama gramu moja mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kuna dada tuliyekuwa naye, aliogopa fosforasi akaacha nyama, samaki, mayai, kila kitu, akabaki na wali na kabichi. Fosforasi ilishuka kweli, na misuli ikashuka nayo. Tulianza kumshika mkono kuvuka barabara. Ukila kipande cha nyama na kidonge chako, uko salama kuliko yeye.

Mtihani wenyewe ni Desemba. Ukoo wote umepanda, wa Dar, wa Mwanza, kuna ndafu, kuna kisusio, mbege imeiva, na kila shangazi anataka kukuona unatafuna. Hata kwenye chumba cha mashine tunabanana, maana wagonjwa waliokuja kula sikukuu nyumbani wanaomba nafasi. Sista anasema Januari hahitaji maabara, anatuangalia tu tunavyojikuna.

Fosforasi yangu ilipofika 1.7 ndipo daktari alipoanza alfakalsidoli, vitamini D ambayo haihitaji figo kuiamsha. Nilikuwa nimeiomba mapema, akakataa, akisema inaongeza unyonyaji wa kalsiamu na wa fosforasi vyote viwili, na kuianza fosforasi ikiwa 2.3 ni kunitafutia mishipa migumu. Hii ndiyo sababu siku hizi sipendi watu wanaogawana dawa. Kuna mwenzetu mmoja aliyeazima alfakalsidoli yangu, kumbe alikuwa na kalsiamu ya juu tayari, nami sikujua, wala yeye hakujua. Sista alimkuta na kidonge mkononi, akakichukua.

PTH ilishuka polepole, ikafika 900, baadaye 640. Nikadhani tunaelekea 65. Daktari akasema hatuitaki huko. Kwa mtu wa mashine wanalenga kati ya mara mbili na mara tisa ya kiwango cha juu cha kawaida, yaani kama 130 mpaka 585. Ukiikandamiza ikawa chini sana, mfupa unaacha kujijenga kabisa, unalala, nao unavunjika vilevile. Kwa hiyo mtu akikuambia PTH yake ni 300, usimwonee huruma, mpe mkono.

Kuwashwa kumepungua sana. Kwenye kiti nasimama, kwa tabu kidogo mwisho wa siku. Mbavu bado.

Mzee wa Uru hakufika hapo. PTH yake ilipita 2,000, kalsiamu ikaanza kupanda yenyewe, dalili kwamba tezi zimeshajiendesha, na kano ya juu ya goti ikakatika akiwa anashuka ngazi moja tu ya baraza. Ipo dawa iitwayo sinakalseti ambayo huzidanganya tezi zione kalsiamu ipo ya kutosha. Aliitumia kidogo, ikamtapisha, na bei ikamshinda. Akapelekwa Dar kufanyiwa upasuaji wa shingo, wakatoa tezi tatu na nusu.

Yaliyofuata ndiyo ambayo angependa angeambiwa mapema. Homoni ilipokatika ghafla, mifupa iliyoporwa miaka yote ikaanza kurudisha vyake kwa pupa na kuivuta kalsiamu yote ya damu. Midomo ikafa ganzi, vidole vikakaza, akawekewa kalsiamu kwa mshipa usiku na mchana, na vidonge kwa wingi, safari hii katikati ya milo ili viingie kwenye damu. Daktari akamwambia anywe na maziwa. Mzee akadhani amesikia vibaya. “Maziwa, dokta? Mimi?” Miaka yote hiyo hajayaonja. Anasema gunzi alilitupa wiki ileile, na mkewe amelitafuta ili alihifadhi.

Kijana mmoja wa zamu yetu anajiandaa kupandikizwa figo. Tangu Muhimbili walipoanza mwaka 2017 jambo hilo halimlazimishi tena mtu kwenda India. Yeye alikuwa na haraka, anasema akipata figo habari za mifupa zimekwisha. Daktari akamwambia tezi zilizokwisha kuwa kubwa zinaweza kuendelea kuharibu kalsiamu hata figo mpya ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo PTH yake iwekwe sawa kwanza. Amerudi kutafuna vidonge vyake na tonge la kwanza, na sasa yeye ndiye anayetukumbusha sisi.

Kalsiamu na fosforasi napimwa kila mwezi, PTH kila baada ya miezi mitatu. Inayokuja ikibaki juu ya 600 tutaongeza dawa, ikipanda tutazungumza habari za kisu. Nimeshaandika maswali yangu kwenye daftari la kibandani: upasuaji ni wapi na ni nani aliyezoea tezi hizi, bima inalipa mpaka wapi, na kama kalsiamu ya mshipa ipo wodini au ni ya kununua nje. Mzee wa Uru anasema hilo la mwisho niulize kabla ya mengine yote.